Wa Kunipokea Zamu

6 Machi

Kwa Futi, mdogo wangu wa pekee, fundi wa nguo za watu wenye haraka,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na kama umekaa basi umekaa kwa hiari yako. Mimi mzima. Baba msalimie sana, mwambie binti yake bado ana meno yote. Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, imekunjamana kama imelaliwa. Lakini tuendelee hivihivi na karatasi, maana kwa simu tumeshashindwana. Nikiwa macho mimi, wewe unamwogesha Baba. Ukitulia wewe, mimi nimelala. Mara ya mwisho ulinisimulia jambo zima kumbe nimeshalala zamani na simu sikioni.

Umeniuliza naweza vipi. Siwezi, najikaza tu. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Nasimama mbele ya mashine ya vifuniko vya chupa, vinapita vyekundu vyekundu, na mimi natoa vilivyopinda. Kila mashine ina jozi moja tu ya glavu. King'ora kikilia, anayekupokea anakuja, anakuvua glavu kwa mikono yake, anazivaa zikiwa bado na joto lako. Kabla hajakuvua huruhusiwi kusogea, hata paa likishika moto. Asipotokea, unaunga zamu, unaendelea mpaka apatikane mtu.

Sasa sikia dawa ya usingizi. Nimefundishwa na Bi Mrefu, mwenzangu wa mashine ya pili. Mapumziko yetu ni dakika ishirini. Anakaa juu ya ndoo, mkononi ameshika nati kubwa ya chuma. Usingizi ukikolea vidole vinalegea, nati inaanguka sakafuni, anashtuka. Utakuwa umelala dakika tano, lakini ni dakika tano za kweli. Nimejaribu, inafanya kazi. Na wewe tafuta nati. Najua ukiwa na Baba chumbani huwezi kulala usingizi wa watu, ila huo wa nati hakuna atakayekunyima.

Makubaliano yetu yako palepale. Mkataba wangu unaisha Agosti. Nakuja, namshika Baba mimi, wewe unakwenda kutafuta maisha yako. Mwaka na nusu peke yako unatosha.

Usisahau kula,
Dada yako

2 Aprili

Shikamoo Dada,

Huku wote tupo. Jirani wa ukuta wa pili amejifungua mapacha, kwa hiyo siku hizi si sisi peke yetu tunaopiga kelele. Cherehani yangu imehamia chumbani kwa Baba, nashona nikiwa namwona. Wateja wanapungua kidogo kidogo. Mmoja alikuja kuchukua suruali yake akakuta nimeweka mfuko wa nyuma mbele. Akaniangalia machoni, akalipa akaenda nayo. Nadhani alinionea huruma, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Habari kubwa ya nyumbani ni kwamba Baba amerudi kazini. Usicheke. Miaka thelathini na moja ya kiwanda cha mikate imemrudia kichwani yote kwa pamoja. Anaamka ghafla, anasema amechelewa zamu, anatafuta viatu. Nikimwambia Baba ulistaafu zamani, ananiuliza wewe nani, nani amekuajiri. Wiki iliyopita alinifukuza kazi. Alisema mimi mvivu, najificha nyuma ya magunia ya unga, na kesho nisije. Nilimwambia asante bosi. Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda.

Nimegundua kubishana naye hakufai. Sasa namvalisha viatu, namshika mkono, tunazunguka nyumba mara mbili tatu, halafu namwambia zamu imekwisha, mwenzako amekupokea. Hapo anakubali kulala. Tatizo ni kwamba zamu zake hazina ratiba. Anaweza kuingia kazini mara tano kwa siku. Nisipokuwa macho anatoka peke yake, na mlango wetu unaujua, komeo lilishakufa, na yeye nikimfungia kwa kufuli anapiga mbao mpaka mkono unavimba.

Nati nimeipata kwa fundi baiskeli. Nakaa kwenye kiti kando ya mlango, naishika. Mara ya kwanza ilinishtua mpaka nikasema samahani kwa mtu asiyekuwepo. Inasaidia. Mshukuru Bi Mrefu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenye karakana ya kushona sare amenitumia ujumbe. Anataka mkataji wa vitambaa, kazi ya kudumu, na ananitaka mimi. Nimemwambia kuanzia Septemba, dada yangu akishafika. Amekubali kunishikia nafasi mpaka hapo, si zaidi. Kwa hiyo Agosti yako nimeshaitia mfukoni.

Mdogo wako,
aliyefukuzwa kazi

11 Mei

Futi,

Hongera. Mkataji wa karakana nzima, si mchezo. Mama angekuwepo angeshatangaza kwa majirani wote na ungelazimika kuwashonea bure. Mwambie jirani hongera kwa mapacha.

Sisi huku hali si hali. Watu wanne wameacha kazi mwezi mmoja, kwa hiyo kuunga zamu imekuwa kawaida. Wiki jana nilisimama saa kumi na nane. Ukifika ya kumi na tano miguu inaacha kuuma, inakuwa ya mtu mwingine, na wewe unabaki macho tu na mikono. Nitakupa mbinu: usiangalie saa. Mimi nahesabu vifuniko vibovu. Nikifika mia mbili najiruhusu kufikiria kitu kimoja kizuri, nikimaliza naanza moja tena. Na uloweke miguu kwa maji ya chumvi, usiwe mbishi, najua wewe huwa huamini mpaka uone.

Bi Mrefu ameanguka. Alikuwa anaongea nami, katikati ya neno akaenda chini. Msimamizi alimvua glavu palepale sakafuni akampa mwingine avae, ndipo wakambeba. Amepewa siku mbili. Amerudi ana michubuko shavuni na bado anatania, anasema sakafu ilimwita kwa jina.

Agosti nipo.

Dada

19 Juni

Dada,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nimeanza barua hii mara tatu.

Baba ameanguka, amevunjika nyonga. Yuko hai. Nakuandikia hivyo mwanzoni ili usiruke mistari ukitafuta.

Ilikuwa Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amelala, nikakaa kwenye kiti na nati yangu kama siku zote. Siku mbili kabla nilikuwa nimetandika mkeka pale mlangoni, kwa sababu alikuwa analalamika sakafu ina baridi akitoka kuvaa viatu. Nati ikaangukia mkekani. Haikutoa sauti. Nilipoamka mvua inanyesha na kitanda kitupu.

Nilizunguka mtaa mzima nikiita. Aliyeniambia ni mwanamke anayeuza vocha kwenye kona, kwamba amemwona mzee amevaa viatu vizuri kabisa, amefunga kamba, anakwenda kwa haraka. Nikajua. Nilikimbia mpaka kilipokuwa kiwanda cha mikate. Siku hizi ni ghala la saruji, wamejenga ukuta, geti jipya. Alikuwa amekaa chini nje ya geti, kwenye maji, mguu umekaa vibaya. Mlinzi aliniambia mzee alifika mapema, akamwambia afungue, amechelewa zamu. Alipokataliwa akasimama kusubiri. Alisimama kwenye mvua muda mrefu sana, akakataa kuingia kibandani, akisema akiondoka hapo watamkata siku. Halafu magoti yakamwishia.

Hospitali walikaa naye siku kumi na mbili. Daktari amesema kwa umri wake hawatampasua, na hatatembea tena. Tumerudi nyumbani juzi. Sasa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kufua.

Agosti ni wiki chache tu, sivyo?

Futi

14 Julai

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa bado kwenye foleni ya kutoka, nikashindwa kutembea, watu wakawa wananipita.

Ni mimi. Nilikuandikia habari ya nati kama mtu anayetoa zawadi, wala sikufikiria kwamba huku kwetu sakafu ni zege tupu na nyumbani kuna mikeka. Kitu kidogo hivyo. Ningeandika mstari mmoja tu, hakikisha chini pako wazi, Baba angekuwa anatembea leo. Kila nikisimama kwenye mashine naona ule mkeka. Nimemweleza Bi Mrefu, naye amelia, na nati yake ameitupa.

Usijitese. Kosa ni langu, nalibeba mimi. Mkataba unaisha tarehe kumi na nane Agosti. Tarehe ishirini na mbili naingia hapo kwa basi la asubuhi. Andaa orodha ya dawa, saa za kumgeuza, anapenda alalie upande gani. Ukishanionyesha siku mbili, ya tatu sitaki kukuona ndani ya nyumba hiyo mpaka jioni.

Dada

29 Agosti

Dada,

Natumaini u mzima. Tarehe ishirini na mbili nilimwomba mama wa mapacha anishikie Baba, nikaenda stendi. Basi la asubuhi lilishusha watu, nikabaki nawaangalia mmoja mmoja mpaka konda akaniuliza nimepoteza nini. Tarehe ishirini na tatu nikaenda tena. Ya ishirini na nne nikaona aibu, nikamwambia konda nasubiri mzigo.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Pazia nimelishona kwa kitambaa kile cha buluu ulichokiacha. Baba nilimwambia unakuja. Sijui kama alielewa, lakini siku ile alikubali kunyolewa.

Nimempigia mwenye karakana, amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nijulishe tu imekuwaje. Hata maneno mawili.

Futi

20 Septemba

Futi mdogo wangu,

Nisamehe, nisamehe mara mia. Wamenizuia. Mkataba uliisha lakini ofisi inasema kuna fomu ya kuachia kazi ambayo lazima itiwe sahihi na meneja, na meneja amesafiri, na anayekaimu anaogopa kutia sahihi. Nakwenda pale kila siku nikitoka zamu. Leo wananiambia kesho, kesho wananiambia niandike barua, nikiandika wanasema haina muhuri. Msimamizi naye anasema nisipoendelea kusimama kwenye mashine wakati fomu inashughulikiwa nitahesabiwa nimetoroka. Kwa hiyo ndiyo hivyo, nasimama. Bi Mrefu anasema yeye ilimchukua miezi minne.

Mwambie mwenye karakana akuvumilie. Mweleze habari ya fomu, ni mtu mzima, ataelewa. Mimi nitakuja tu, hilo usilitilie shaka. Pazia la buluu limeniliza.

Dada

15 Oktoba

Dada,

Sisi ni wazima kwa kipimo chetu. Mmoja wa mapacha ameota jino.

Nafasi ya karakana amepewa mtu mwingine. Simlaumu mwenye karakana, ameningoja kuliko ndugu wanavyongojana.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia fomu, meneja, kaimu meneja na muhuri. Hukuuliza Baba anaendeleaje. Nikatoa barua zako zote za mwaka huu kwenye kopo la vifungo nikazipitia. Unamsalimia Baba, unaniambia nimwambie hili na lile. Hujauliza hata mara moja anakula nini, anasema nini, anaonekanaje. Ile ya Julai uliniuliza anapenda kulalia upande gani, nikafurahi, kisha nikaona hukuniuliza, uliniambia niandike kwenye orodha.

Ana kidonda mgongoni upana wa kiganja changu. Akiguswa hapo analia bila sauti, mdomo wazi. Nimekwambia bila kuulizwa.

Kama kuna fomu, sawa. Kama hakuna fomu, niambie.

Futi

2 Desemba

Futi,

Hakuna fomu.

Nimekaa na barua yako wiki nne. Nimetaka kuanza kwa salamu kama kawaida, mkono ukakataa. Hakuna aliyenizuia. Tarehe kumi na nane Agosti waliniita ofisini, wakaniuliza unaondoka au unaendelea, na karatasi mbili ziko mezani. Begi langu lilikuwa limefungwa, tiketi ninayo. Nikatia sahihi ya kuendelea. Mwaka mwingine mzima. Sikufikiri hata dakika, Futi, mkono ulikwenda wenyewe, na nilipotoka nje nilipumua.

Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu. Unakumbuka nilivyokuja msiba wa Mama, nikaaga siku ya tisa, nikasema wameniita kazini. Hawakuniita. Siku ya nne wewe ulikuwa umetoka na Baba akajichafua. Nilimvua, nikawa namsafisha, akanitambua. Katikati ya kunitambua akajaribu kujifunika kwa mikono, akasema mwanangu toka, mwanangu usiangalie. Nilimaliza nikatoka uani, nikasimama pale nahesabu siku zilizobaki kama ninavyohesabu vifuniko. Ulivyorudi uliniuliza mmeshindaje, nikakwambia vizuri.

Hapa nachoka mpaka naomba kufa, siongezi chumvi. Lakini king'ora kinalia, mtu anakuja, ananivua glavu. Kila nikikuandikia nakuja, naona kile chumba, naona kwamba nikishaingia hakuna atakayekuja kunivua. Wewe utakwenda kazini kwako, na mimi nitakuwa wewe. Niliogopa. Nimekuacha humo miaka miwili kwa sababu naogopa kukaa humo mwezi mmoja. Nimekudanganya, nimekupotezea kazi, na nati yangu ndiyo iliyomvunja Baba. Sijui mtu anaombaje msamaha wa vitu vyote hivyo kwa pamoja.

Ukisema nije, sasa nitakuja kweli. Nitavunja mkataba. Niandikie neno moja tu.

Sistahili kusaini dada, lakini sina jina jingine la kuweka hapa.

28 Desemba

Dada,

Barua yako ilifika jana. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika tangu Oktoba, nilikuwa na maneno yamepangwa kabisa, mengine ya kuchoma. Nimesoma mpaka mwisho nikayatafuta nikayakosa.

Baba anameza vijiko vinne au vitano kwa siku. Haongei. Viatu vyake nimempa mlinzi wa ghala. Kidonda cha mgongo nimefundishwa na muuguzi kukisafisha kwa maji ya chumvi, lakini kinazidi kuchimba ndani. Muuguzi alikiangalia, akafunga mkoba wake polepole tu.

Jambo la nati usilibebe tena. Sikukwambia kweli. Mkeka upo, hilo si uongo, lakini nati siku ile ilikuwa mfukoni mwangu na mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa nimejilaza chini kando ya cherehani, macho wazi. Nilimsikia akishuka kitandani. Nilimsikia akivuta viatu. Kamba zilimshinda, alihangaika nazo muda mrefu, na mara moja aliita, "We kijana, nifungie." Nilinyamaza. Akazifunga mwenyewe. Mlango ukafunguka. Nikasema moyoni, aende. Aende kazini kwake, anifukuze, atafute mwingine, nusu saa tu nyumba iwe yangu. Halafu nikalala. Nililala masaa manne, Dada. Mvua iliponiamsha nilikaa kwanza nikaisikiliza inavyopiga bati, na nilikuwa najua yuko nje.

Daktari aliponiuliza ilikuwaje, nikasema mkeka. Nikawaambia majirani mkeka. Nilipokuandikia wewe nilikuwa nimeshaisema mara nyingi mpaka ikatoka bila kusita. Kisha ukajibu kwamba kosa ni lako, na nikakuacha uamini hivyo miezi mitano, kwa sababu ilinipunguzia.

Usije. Sikwambii kwa hasira. Ukija sasa utafika kumlaza kaburini au kumgeuza wiki mbili tatu, na mkataba umeuvunja, na tutakuwa wawili tusio na kazi tunaoangaliana. Karakana haipo tena. Cherehani nimeiuza mwezi uliopita nikanunua dawa na godoro la mpira. Baki huko usimame.

Kuna jambo moja limebaki, na sina mwingine wa kumwambia. Tangu Baba awe mtu wa kitandani, hakuna mlango wa kulinda. Namgeuza saa mbili usiku, najilaza, na siku hizi ile zamu ya saa nne mara nyingi naipita, na ya saa sita pia. Ndiyo maana kidonda kinachimba. Najua, naujua wakati, namsikia hata anavyopumua akihitaji kugeuzwa. Halafu nageukia ukutani, na nalala vizuri.

Mdogo wako